Propela ya Baba Mkwe

Nilizaliwa Isansa, kwa Wanyiha, nikaolewa Ibaba, milimani Ileje, kwa Wandali. Kwa gari ilikuwa safari ya siku moja, lakini kwa mila ilikuwa mbali zaidi ya hapo. Nyumbani kwetu mwanamke alimheshimu baba mkwe wake kwa kupiga goti na kushusha sauti. Katika ukoo nilioingia, heshima ilikuwa kutoonana kabisa. Sikutakiwa kumtazama usoni, wala kula mbele yake, wala kutaja jina lake au neno lolote lililofanana nalo. Nikimsikia anakohoa njiani, niliingia kwenye migomba nikageuza mgongo mpaka apite. Naye alikohoa kwa makusudi, tena mapema, ili nipate nafasi ya kujificha bila kukimbia. Kwa muda mrefu kikohozi hicho ndicho kitu pekee nilichokijua vizuri kwa baba mkwe wangu.

Maneno yetu yote yalipita kwa mama mkwe. Alikuwa mwanamke mfupi, mcheshi, aliyetembea haraka kama mtu aliyesahau kitu jikoni. Wiki ya kwanza alinikuta nalia kwenye jiwe la kusagia, kwa sababu nilikuwa sielewi Kindali na wifi zangu walikuwa wanacheka. Akachuchumaa kando yangu akanisemesha kwa Kiswahili, Kiswahili cha kanisani, ndicho alichokuwa nacho. "Mwanangu, moyo wako usifadhaike." Tangu siku hiyo nilimpenda.

Basi yeye ndiye aliyekuwa akisema, "Baba yenu anataka mahindi ya juu yavunwe kwanza," nami nikajibu, "Mwambie baba nimesikia," huku baba mwenyewe ameketi nyuma ya ukuta, anasikia kila neno.

Mume wangu hakuwepo nyumbani siku nyingi. Alikuwa utingo kwenye lori la mfanyabiashara mmoja wa Kiislamu, mtu wa Tanga aliyehamia Tunduma, na alikuja kwetu pale lori lilipopumzika. Baba mkwe naye alikuwa dereva zamani. Aliendesha magari kwenye migodi ya shaba, Zambia, tangu ujana wake mpaka nywele zikaanza kuota mvi, kisha akarudi nyumbani na mkewe, cherehani, na gari dogo la Kiitaliano alilolinunua likiwa limeshatumika. Lilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Kijiji chetu hakikuwa na gari jingine. Lilibeba wagonjwa, maharusi, mchungaji, na magunia ya kahawa yaliyowekwa pale ambapo watu wanapaswa kukaa. Jua likiwa kali alilifunika kwa majani ya migomba. Nilikuwa nikilichungulia kutoka jikoni, nikiona miguu ya mtu inazunguka gari taratibu, nikajua analipangusa.

Mtoto wangu wa kwanza alikuwa hajaanza kutambaa wakati jicho la mama mkwe lilipoingia ukungu. Alikuwa akimimina uji nje ya bakuli na kucheka mwenyewe, lakini siku alipojikwaa kwenye jiwe la mlangoni, jiwe alilolipita maisha yake yote, baba mkwe hakusubiri tena. Alimpakia kwenye gari akampeleka hospitali ya misheni kule Mbozi.

Alirudi peke yake siku ya pili, jioni, na gari lilipopanda mlima nilisikia kuwa lina tatizo. Chini yake kulikuwa na kitu kinagonga, du, du, du, na kila alipoachia klachi lilishtuka kama ng'ombe aliyechapwa. Alilisogeza mpaka kwenye uwanja wa nyumba, akazima, akakaa ndani muda mrefu bila kushuka.

Habari niliipata kwa kumsikiliza baba mkwe akizungumza na jirani. Mama atabaki hospitali, jicho litapasuliwa, na akipona atahitaji kufuatwa. Gari nalo limechanika mpira wa propela. Propela ni ule mti wa chuma unaotoa nguvu kwenye giaboksi na kuzipeleka kwenye magurudumu ya nyuma. Pale mbele, unapokutana na giaboksi, magari kama lile yalikuwa na mpira mnene wenye pembe sita na matundu sita, ambao kazi yake ni kupokea mshtuko ili chuma kisipigane na chuma. Barabara zetu za kupanda na kushuka ziliula mpira huo kabla ya wakati wake. "Umeshikilia kwa nyuzi tu," nilimsikia akimwambia jirani. "Nikiulazimisha, propela itaanguka chini, ivunje kila kitu."

Wakati ule vipuri havikupatikana. Hata sabuni haikupatikana. Alimpelekea mume wangu ujumbe Tunduma, na tukaanza kungoja.

Hapo ndipo nilipojua mama mkwe alikuwa amebeba mzigo gani. Nyumba ilibaki na watu wawili wazima wasioweza kusemezana. Nilipika, nikaweka chakula kwenye jiwe karibu na mlango wake, nikagonga kifuniko kwa kijiko, nikaondoka. Nikisharudi jikoni, nilisikia mlango ukifunguliwa. Baadaye nilikwenda kuchukua vyombo, nikavikuta vimeoshwa. Mara ya kwanza nilidhani kuna mtoto wa jirani aliyepita. Lakini viliendelea kuoshwa kila siku, vimefunikwa chini juu, na kijiko kimelazwa juu ya bakuli. Sikuwahi kuona mwanamume wa umri wake akiosha chombo. Sikuwa na wa kumwambia asante, maana wa kuipeleka asante alikuwa Mbozi.

Mpira ulifika mgongoni mwa baiskeli, umefungwa kwa gunia. Yule tajiri wa mume wangu aliuomba kwa mwenzake wa upande wa Zambia, ukavuka mpaka, ukapanda lori hadi Isongole, kisha ukapata mtu wa kuupandisha mlima. Mwenye baiskeli alileta na habari nyingine, kwamba mama amepona, ameruhusiwa, na ameketi kwenye benchi la hospitali anaangalia barabara.

Kesho yake wanaume wote wenye nguvu walikuwa shamba la kijiji, ng'ambo ya bonde. Wazee walisamehewa. Baba mkwe alianza kazi asubuhi, peke yake. Aliinua gari kwa jeki, akaliegemeza kwenye magogo, gurudumu moja la nyuma akaliacha linaning'inia, akaweka mawe kwenye mengine, akaingia chini. Mimi nilikuwa jikoni namenya magimbi, mtoto mgongoni. Nilisikia spana inateleza. Nikasikia inaanguka. Kisha akasema, "Ee Mungu wangu," kwa sauti ya chini, halafu kukawa kimya, na kile kimya kikazidi.

Niliweka kisu chini. Nilikwenda mpaka nyuma ya gari, upande wa buti, nikasimama nimetazama shamba la kahawa. Nikamwambia mtoto aliyekuwa mgongoni:

"Mwanangu, muulize babu kama ameumia."

Chini ya gari hakukusikika kitu. Nikafikiri nimekosea, nikawa nimeshageuka kuondoka, ndipo sauti ikatoka, sauti ya mtu aliyelala chali.

"Mjukuu wangu, mwambie mama yako sijaumia. Nati inazunguka pamoja na bolti. Panahitajika mtu ashike huku, mwingine afungue kule, na mimi niko mmoja."

"Mwambie babu, mama anaweza kushika spana."

Nilisikia anajisogeza chini kule.

"Mwambie mama yako atazame kwanza kama magogo yamekaa sawa. Sipendi gari linilalie wakati naongea na mtoto mchanga."

Nilicheka, nikaziba mdomo kwa kiganja. Sikujua kama kumchekea mkwe kunaruhusiwa.

Nilivua khanga ya juu, nikaibana kwenye mlango wa gari ili ining'inie mpaka chini kama pazia. Nikatandika gunia, nikamlaza mtoto kwenye mkeka karibu na bampa, nikalala kifudifudi uso nimeugeuzia nje, mkono mmoja nikaupitisha chini ya khanga mpaka begani. Aliweka spana kwenye ungo mdogo aliokuwa akiwekea nati, akausukuma kunifikia. Akamwelekeza mtoto, nami nikafuata. Juu kidogo. Kushoto. Hapo. Kaza mkono, usiachie. Nilihisi chuma kikivuta, kikikataa, kisha kikalegea ghafla.

Bolti zilikuwa sita. Tatu zinashika upande wa giaboksi, tatu upande wa propela, na zote haziwezi kufikiwa mahali pamoja, kwa hiyo baada ya kila bolti lazima propela izungushwe. Niliinuka, nikaingia ndani ya gari nikatoa gia kama alivyomweleza mtoto, nikaenda kwenye lile gurudumu linaloning'inia, nikalizungusha kwa mikono miwili. "Kidogo. Kidogo tena. Basi." Nikarudi ndani nikatia gia, ili propela isizunguke tunapofungua. Kisha nikalala tena kwenye gunia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukaa kwenye kiti cha dereva. Usukani ulinuka jasho na mafuta ya nazi.

Ule mpira wa zamani ulipotoka aliuweka kwenye ungo akausukuma kwangu nione. Ulikuwa umepasuka kila pembe, na ndani yake nyuzi zilitokeza kama mizizi. Niliupapasa, nikafikiria jinsi ulivyombeba mama mpaka Mbozi.

Mpya ndio uliotutesa. Mpira kama ule ukitoka kiwandani huwa umezungushiwa ukanda wa chuma unaoubana, ili matundu yake yakutane na matundu ya propela. Ukishafunga bolti unakata ukanda. Wetu ulikuja bila ukanda, labda ulikatika njiani, labda mtu aliukata kwa kutojua. Ukiingiza bolti moja, tundu la pili linakukimbia. Baba mkwe alijaribu waya, ukakatika. Alijaribu tena, ukamchana kidole.

"Mjukuu wangu," akasema, na nilisikia amechoka, "mwambie mama yako tutakwama hapa. Kinatakiwa kitu cha kuubana huu mpira, na sina."

Nilifikiri namna tunavyofunga mzigo mkubwa wa kuni, unauzungushia kamba mara mbili kisha unapenyeza kijiti na kukinyonga mpaka kuni zinalia. Nilikwenda zizini nikachukua ile kamba ya ngozi tunayofungia ng'ombe, na kijiti cha mti mgumu. Nikampelekea kwenye ungo, nikamweleza mtoto namna ya kufanya.

Alijaribu chini kule, akashindwa. Kijiti kilihitaji mkono wa kukishikilia huku mingine inaingiza bolti, na safari hii mikono isingekuwa mbali. Ingekuwa mahali pamoja, imebanana.

Nikasikia anahangaika na viatu. Alikuwa mtu wa soksi, tabia aliyoileta kutoka migodini, hakuvaa kiatu bila soksi hata akienda shambani. Mkono ukatokea chini ya khanga, umevaa soksi ya kijivu mpaka kwenye kiwiko.

"Mwambie mama yako sasa tunaweza kukaribiana," akasema.

Nami nilikunja pembe ya khanga nikajifunga mkononi. Tukaubana ule mpira. Yeye alinyonga kijiti, mimi nikakishika kisirudi. Akaingiza bolti ya kwanza, ya pili. Bega langu lilikuwa linawaka moto. Mara mbili kijiti kiliniponyoka tukaanza upya, naye hakusema neno baya. Mtoto alikuwa ameshalala usingizi zamani, lakini tuliendelea kumsemesha. Mwambie mama akaze. Mwambie babu bado kidogo. Mwambie mama apumzike kama mkono umechoka. Mwambie babu haujachoka.

Bolti ya mwisho ilipoingia na nati ikashika, akasema, "Basi, mwanangu. Achia."

Safari hii hakupitia kwa mtoto. Sote wawili tulilisikia neno hilo. Niliachia kijiti, nikavuta mkono wangu polepole kutoka chini ya khanga, nikabaki nimelala palepale nimetazama majani ya kahawa. Upande wa pili naye hakusogea. Kisha akasema kwa lugha ya migodini, kama watu wafanyavyo wanapotaka kusema jambo zito kwa lugha isiyo ya nyumbani, "Natotela, mukwai." Nilikuwa nimeshasikia maneno hayo kwa wafanyabiashara wa Tunduma. Ni asante, asante ya heshima, unayompa mtu unayemwona mkubwa.

Nilimbeba mtoto nikaingia jikoni.

Alikaza kila nati mara nyingine, akashusha gari, akaliwasha. Lilitoka uwanjani bila kugonga, bila kushtuka. Nilisimama mlangoni nikilisikiliza mpaka lilipopita kilima. Kisha nikaanza kupambana na grisi. Sabuni haikuwepo, nikasugua mikono kwa majivu na mchanga, nikabaki na weusi kwenye kucha.

Mama mkwe alirudi kesho yake, amefungwa kitambaa jicho moja na jingine linacheka. Hakuwa na raha mpaka amepapasa kila chungu. Aliponishika mikono kunisalimia, aliigeuza akaitazama karibu sana, kwa lile jicho zima.

"Nilimuuliza baba yenu nani alimsaidia," akasema. "Akaniambia, mjukuu wetu."

Nikatazama weusi wa kucha zangu.

"Mtoto ana akili," akasema. Akaendelea kunishika mikono. Baadaye, tulipokuwa tunamenya viazi, nilimuuliza kama nimefanya vibaya. "Mlikuwa na gari katikati," akasema. "Gari ni zito kuliko ukuta." Akaniambia niweke chumvi kidogo, na mambo yakaishia hapo. Wifi zangu walipoanza kunong'ona, yeye ndiye aliyewajibu, kwa Kindali, kwa kasi ambayo sikuweza kuifuata, na hawakurudia.

Tuliubadilisha mpira ule mara nyingine kadhaa miaka iliyofuata. Safari moja ulikuwa umechongwa kutoka kwenye tairi la lori na fundi wa Tunduma, ukadumu kidogo sana. Safari nyingine mume wangu alikuwepo, akataka kushika spana mwenyewe. Baba yake akamwambia amsaidie kubeba magogo, kazi nyingine ina wenyewe. Mume wangu alinisimulia jambo hilo jioni akiwa ameumia kidogo, kisha akacheka mpaka machozi.

Nguvu za baba mkwe za kuendesha ziliisha kabla ya gari. Miguu ilianza kuvimba, na kukanyaga klachi kukawa mateso. Vijana wa kijiji waliomba kufundishwa, akawakatalia. Siku moja mama mkwe alikuja jikoni akaniambia, "Baba yenu anasema twende tukajifunze gari."

"Tukajifunze na nani?"

"Wewe utashika usukani. Mimi nitakaa kando yako. Yeye atakaa nyuma."

Ndivyo ilivyokuwa. Kabla hajaingia, niligeuza kioo cha ndani kikatazama dari, nisije nikamwona. Alisubiri mpaka aliposikia nimekigeuza, akakohoa, akaingia nyuma yangu. Kutoka huko alitoa maelekezo, na mama mkwe akayarudia neno kwa neno, ingawa nilikuwa nimeshayasikia. Kanyaga klachi. Anasema kanyaga klachi. Achia taratibu. Anasema taratibu, unaniua. Nilizima gari mara nyingi. Niliingia shamba la mtu. Hakuwahi kupaza sauti. Akiona naogopa alikuwa anaimba wimbo wa kanisani polepole, na mama mkwe, kwa sababu ya mazoea, alianza kuurudia nao.

Kulikuwa na uhaba mkubwa wa petroli, kwa hiyo hatukwenda mbali. Lakini baba yangu mzazi alipougua kule Isansa, baba mkwe alitoa galoni aliyokuwa ameificha stoo kwa ajili ya dharura, akasema tuondoke. Niliendesha kutoka Ibaba, tukashuka mpaka Mpemba, tukaingia barabara kuu, malori yakitupita kwa kishindo na madereva wakitoa vichwa nje kumtazama mwanamke. Mama mkwe aliwapungia mkono wote. Vwawa tulisimama kunywa maji. Mchana uliposogea niliona miti ya nyumbani kwetu.

Baba yangu alikuwa ameketi nje, amejifunika blanketi, anaendelea nafuu. Alipoona ni mimi ninayeshuka upande wa dereva alijaribu kusimama. Mama yangu alitoka na maji akasahau kumpa mtu yeyote.

Wazee wawili walikaa kwenye viti, mimi nikaingia ndani kwa mama, lakini ukuta ulikuwa wa miti na udongo, na nilisikia. Baba yangu aliuliza, kwa namna wazee wanavyoulizana, kama binti yake anawatunza vizuri.

"Nikikutana naye sokoni siwezi kumjua," alijibu baba mkwe. "Sijawahi kuuona uso wake. Ila mkono wake naujua, na hivi leo nimejua kwamba haogopi malori."

Baba yangu alicheka, kikohozi kikamshika, mama yangu akakumbuka maji akatoka nayo. Mimi nilikaa kwenye kitanda nilicholalia utotoni, funguo za gari zikiwa mapajani, nikamnyonyesha mtoto wangu wa pili. Wifi yangu wa Isansa alipika kuku. Wanaume walikula nje, sisi tukala ndani, na mama mkwe, ambaye jicho lake lilikuwa limepona kabisa, alisimulia safari yote tangu mwanzo, kila kona na kila lori, kwa Kiswahili chake cha kanisani, mpaka chakula kikapoa.